Neno la Anayeondoka

Vava'u, 11 Februari 1996

Mdogo wangu Lisiate,

Tumshukuru Mungu aliyetufikisha leo, ninyi huko ng'ambo, Robinvale, kwenye mizabibu ya watu, na sisi huku kisiwani kwenye matope yetu wenyewe. Mvua haijakatika tangu Krismasi. Viazi vikuu vimeozea ardhini, na mchungaji mpya ana sauti ndogo hivi kwamba akihubiri, mvua ndiyo inayosikika. Yule nguruwe uliyeniachia ukaniambia "mtunze mpaka nirudi" tulimchinja kwenye harusi ya binti wa Siutiti, jirani yetu. Usinune. Nguruwe hana subira kama dada yako.

Mama anakusalimu sana. Ana kikohozi kidogo, si kitu. Macho ndiyo yamefunga, zile picha mlizotuma anazipapasa tu kwa vidole, anauliza, "Huyu ndiye Lupe? Na huyu?" Nikimwambia huyo wa pili ni mbwa, anacheka mpaka anakohoa.

Nina jambo moja. Mama anamtaka mjukuu wake Lupe. Shule huko zinafungwa mwezi wa saba, mlete. Anakumbuka alivyokuja kwenye maziko ya Baba akiwa na miaka mitatu, mdomo haufungi, akiwatania wazee na kuwaita nguruwe kwa jina la mchungaji. Tangu siku hiyo Mama anasema, "Yule ndiye nitakayezungumza naye uzeeni." Nami namwambia kwani mimi ni gogo?

Hataki kumwona, maana haoni. Anataka kuzungumza naye. Msalimie mkeo Kalolaine.

Dada yako,
Toakase


Robinvale, 19 Mei 1996

Dada yangu mpendwa na mheshimiwa,

Kwanza namshukuru Mungu, pili nakuomba radhi. Barua yako imekaa mezani muda mrefu. Ulikuwa msimu wa kuchuma zabibu, tunaingia shambani giza na kutoka giza, mikono inanata sukari mpaka kalamu haishikiki. Sasa zabibu zimekwisha, tunapogoa.

Hatujambo. Kalo ni mjamzito, Mungu akipenda atajifungua mwishoni mwa mwaka. Wenzetu wa hapa wamejenga jiko nyuma ya kanisa, tunachimba tanuri ya udongo humo na kupika kama nyumbani, isipokuwa majani ya magimbi ni ghali kama dawa.

Mwambie Mama kwamba Jumapili ya Watoto Lupe alisimama mbele ya kanisa zima, gauni jeupe, ua kichwani, akasoma zaburi nzima kwa Kitonga bila kushika karatasi. Hakukwama hata mahali pamoja. Wazee walilia, na mimi nililia. Mwambie hivyo hivyo.

Kuhusu mwezi wa saba, safari ni ngumu kidogo kwa hali ya Kalo. Tuone.

Mdogo wako mtiifu,
Lisiate


Vava'u, 9 Juni 1996

Lisiate,

Salamu ni nyingi, nitazitoa siku nyingine. Siutiti hajambo, kuku hawajambo, paa linavuja palepale.

Nilimsomea Mama habari ya zaburi. Alifurahi, kisha akasema, "Kasuku wa mchungaji wa zamani naye alikuwa anasoma zaburi." Mimi nimesoma barua yako mara nyingi kuliko unavyodhani, na sijaona mahali ulipoandika kwamba mtoto anaongea. Umeandika amesoma, umeandika amesimama, umeandika gauni na ua.

Sasa nijibu kama mtu anayejibu dada yake: je, Lupe anaongea?

Mama hajambo. Uji anakunywa. Mlete mwezi wa saba.

Toakase


Robinvale, 27 Juni 1996

Dada yangu,

Nisamehe kwa nitakayoandika, maana mambo ya ndani ya nyumba kaka hamwambii dada yake. Ningekuwa hapo, ningekaa nje ya ukuta na kumtuma mtu akuambie. Lakini umeuliza.

Lupe anaelewa. Ukimwambia "lete maji" analeta. Ukimwambia "bibi yako anakusalimu" anatabasamu. Anajibu kwa Kiingereza. Ile zaburi tuliimeza naye jikoni wiki nyingi, sauti kwa sauti, na siku moja aliniuliza kama "mchungaji wangu" ni jina la mtu.

Haikuanza hivyo. Alipoanza shule alikuwa anachanganya, nusu huku nusu kule, watoto wakamcheka. Mwalimu akatuita. Mwanamke mpole, akatupa hata chai. Akasema, "Mchagulieni lugha moja, mtoto anachanganyikiwa." Mimi nilitaka kubisha, lakini Kiingereza changu cha kubisha hakitoshi. Tulipofika nyumbani Kalo akasema, "Umesikia." Nikamwambia mwacha asili ni mtumwa. Alinigeukia, dada, sijawahi kumwona vile. Akasema, "Mimi nililetwa hapa nina miaka kumi na miwili. Nilikaa darasani mwaka mzima wakiniita bubu. Ukitaka utumwa, nitakusimulia utumwa. Mwanangu hataitwa bubu."

Mimi kutwa niko kwenye mizabibu. Mwenye kinywa nyumbani ni yeye.

Tunakuja. Tumekata tiketi za watu wawili, mimi na Lupe. Usimwambie Mama kwamba haongei. Wiki mbili zilizobaki nitamfundisha salamu na majina ya watu.

Mdogo wako,
Lisiate


Robinvale, 8 Septemba 1996

Dada yangu Toakase,

Tulifika salama baada ya maziko ya Mama. Nilitaka kuandika siku ileile, nikashindwa. Natumaini miguu yako imepona kwa kule kukaa sakafuni, na kwamba mkeka wa msiba uliojifunga haukuchubui kiuno. Mimi bado navaa nyeusi shambani. Msimamizi alinitania mara moja tu.

Ulikuwepo mle ndani, lakini mimi nilikuwa mlangoni, na nataka ujue nilichokiona mimi. Mama alikuwa amelala kwenye mikeka, nanyi mmemzunguka. Siku tatu zile Lupe alikaa karibu naye, Mama akimshika masikio na pua, akimsimulia hadithi ndefu, na mtoto akisema "ndiyo" kila aliposikia Mama anapumzika. Nilidhani tumepona. Nilidhani "ndiyo" itatosha mpaka mwisho. Kisha nikaambiwa niende mjini Neiafu kuchukua dawa, nikamchukua Lupe apate hewa. Akasimama kizingitini na viatu mkononi, akataka kuaga kwa adabu, kwa lugha ya bibi yake, bila kufundishwa na mtu. Akasema kwa sauti kubwa, kama kanisani:

"'Alu ā, Bibi!"

Nenda basi, Bibi.

Nilisikia wanawake wakivuta pumzi wote kwa pamoja. Nilimshika mkono nikamtoa. Tuliporudi na dawa, Mama alikuwa ameshaondoka, mmeshafunika vioo.

Usiku na mchana najiuliza amelitoa wapi neno hilo, na jibu ninalo. Kila alfajiri mimi ndiye ninayeondoka. Nawaambia "Nofo ā", kaeni basi, na Kalo na Lupe mlangoni wananijibu "'Alu ā", nenda basi. Mtoto amekua akidhani lile la kwangu ni la wanaume na lile la kwao ni la wanawake na watoto. Hajui kwamba aondokaye humwambia abakiye akae, na abakiye humwambia aondokaye aende. Atajuaje? Yeye mwenyewe akitoka kwenda shule, anatoka kwa Kiingereza.

Sasa sikiliza yaliyonileta. Tangu turudi, Lupe hatamki neno la Kitonga. Hata "ndiyo". Hata jina la chakula. Akitaka lū, yale majani ya magimbi, anaonyesha sufuria kwa kidole. Kanisani watoto wakiimba anafunga mdomo. Nilimwuliza kwa Kiingereza changu kilichopinda, "Una nini?" Akasema, "Nikisema, mtu anakufa."

Kuna mtu alimwambia. Sitaki jina lake. Lakini wewe ni shangazi yake, na huku au huko hakuna aliye juu yako kwa mtoto huyu. Neno lako linafunga na linafungua. Ulikuwa umemshika Mama mkono. Je, Mama alisikia? Alisema chochote? Niandikie kitu nimsomee.

Mdogo wako,
Lisiate


Vava'u, 3 Novemba 1996

Lisiate,

Barua yako ilifika. Kaburi la Mama tumelipamba kwa mchanga mweupe na mawe madogo meusi, binti wa Siutiti aliyaleta kutoka pwani ya pili. Mchungaji alisema maneno mazuri, waliokaa mbele walimsikia. Paa limezibwa.

Mama alikuwa mgonjwa tangu Februari. Kile kikohozi hakikuwa kikohozi. Sikukuandikia kwa sababu alinikataza. Alisema ukija, uje kwa kupenda.

Kuhusu mtoto, mtoto ni mtoto, atasahau.

Toakase


Robinvale, 15 Desemba 1996

Dada,

Salamu za Krismasi kwako na kwa wote wa nyumbani. Huku ni joto, lozi zinaiva, nzi wanatuingia mpaka mdomoni.

Kalo amejifungua mtoto wa kiume, mzima, mkubwa, ana mabega ya Baba. Mungu asifiwe.

Dada, najua jina la mtoto wa kaka hutolewa na shangazi. Nilimwambia Kalo tungoje barua yako. Alikuwa kitandani, amechoka, akaniuliza, "Barua ipi? Ile iliyosema mtoto ni mtoto, atasahau?" Alipoletewa karatasi za hospitali alijaza mwenyewe. Anaitwa Troy. Anasema ni jina ambalo hakuna mwalimu atakayelivunja.

Na ameapa huyu hataambiwa neno hata moja la kwetu. Alisema mbele yangu na mbele ya Lupe, "Wa kwanza tumempa nusu, na ile nusu imemuua. Wa pili hapewi kitu." Ningebisha kwa hoja gani, wakati Lupe yuko pale pale kwenye kiti, anatazama sakafu?

Anaamka usingizini akijishika mdomo kwa mikono miwili. Nakuambia ujue tu. Uliniambia atasahau, na mwezi wa tano tangu maziko unaingia. Anachokisahau ni kingine. Juzi nilimwambia alete maji, akanitazama kama ninavyomtazama msimamizi akisema haraka haraka. Sijui kama anajifanya.

Mimi nikiwa peke yangu shambani naongea na mizabibu kwa Kitonga. Wenzangu wananicheka: "Lisiate, wameitika?" Mizabibu iliyopandwa na Waitaliano, itaitikaje?

Sina zaidi.

Lisiate


Vava'u, 12 Januari 1997

Lisiate, ndugu yangu,

Nimelisoma jina la mtoto. Nikalitamka mbele ya kuku, nikalitamka mbele ya Siutiti. Halikai mdomoni. Nilikuwa nimemwekea jina la Baba tangu uliposema Kalo ni mjamzito, nikalitunza. Basi, limebaki kwangu.

Nimekasirika, kisha nimelia, na sasa nakaa kuandika kwa sababu ile habari ya mtoto kujishika mdomo usingizini imenishinda. Nilikuwa nimeapa kwamba haya nitazikwa nayo.

Mlipotoka, Siutiti alianza kuguna, "Mtoto gani anamfukuza bibi yake?" Mama akainua mkono, tukanyamaza. Alikuwa na akili zake zote. Akaniuliza, "Nani yule?" Nikamwambia, "Lupe, Mama. Hajui asemalo, msamehe." Akasema, "Yeye ndiye anayejua. Ninyi nyote mnaniambia kaa, kaa, kaa, wala hakuna aliyeniuliza kama nimechoka. Huyu ameniambia nenda." Akacheka kidogo, ule mcheko wake wa kukohoa. Kisha akageuza uso mlangoni, ingawa haoni, na kusema wazi kabisa, kama mtu aliyekwisha kufunga mzigo:

"Nofo ā, Lupe."

Kaa basi, Lupe. Hakusema neno jingine tena.

Mimi nilikuwa nimemshika mkono, Lisiate. Nilingoja jina langu. Nilisogeza sikio mdomoni kwake nikangoja. Mimi ndiye niliyemwosha na kumlisha na kumgeuza. Yule fundi wa mashua wa Ha'apai, unamkumbuka, aliyenitaka mpaka akazeeka akinitaka, nilimkatalia kwa ajili yake. Na kwaheri yake akampa mtoto aliyekuja kwa ndege, asiyejua hata kuomba maji. Moyo uliniuma nikasema: hili silitoi. Nimelikalia kama kuku anavyokalia yai viza, najua halitatoka kifaranga na sinyanyuki.

Siku ya pili kule jikoni, Siutiti alimwambia mtoto, "Wewe ndiye uliyemtuma bibi yako." Alikuwa analia, na ulimi hauna mfupa. Binti yake akamfasiria kwa Kiingereza, akidhani anasaidia. Mimi nilikuwa nakuna nazi hapo karibu. Ningeweza kuinua kichwa nikasema, "Hapana, bibi alifurahi." Niliendelea kukuna nazi.

Sasa umejua. Msomee mtoto. Mwambie shangazi yako anasema hukukosea. Mwambie kati ya watu wote waliokuwa mle ndani, wewe peke yako ndiye uliyeagana na bibi vizuri, ukampa neno la abakiye naye akakupa la aondokaye. Mwambie neno hilo ni lake, asiliogope.

Na Kalolaine naye mwambie nimeisikia habari ya darasani. Kabla yako hakuna aliyewahi kunisimulia.

Dada yako,
Toakase


Robinvale, 9 Februari 1997

Dada yangu,

Asante. Nilikuacha peke yako na Mama miaka hiyo yote, na fundi wa mashua namkumbuka vizuri. Tuyaache hayo.

Nilingoja Kalo aende kliniki na mtoto, nikamkalisha Lupe kwenye ngazi za nyuma, nikamsomea barua yako kama ulivyoiandika. Mpaka mwisho alikuwa anakwangua rangi kwenye ngazi. Nikamwuliza, "Umeelewa?" Akatikisa kichwa, hapana.

Basi nikaanza kumfasiria. Dada, mimi nimebeba masanduku ya zabibu miaka kumi, sijawahi kubeba kitu kizito kama kile. Kwa Kiingereza aondokaye na abakiye wanaambiana neno moja lilelile. Nikamwambia, bibi alikujibu, alikuambia kwaheri. Akasema, "Mimi nilimwambia kwaheri, na yeye akaniambia kwaheri?" Nikasema ndiyo. Akaniuliza, "Sasa kosa langu lilikuwa nini?"

Nikamwambia hakuna kosa. Akasema, "Lakini walikasirika. Lakini alikufa." Nikajaribu tena: kuna kwaheri ya anayekwenda, kuna ya anayekaa, wewe ulichukua ya anayekaa, bibi akaipenda. Nilikuwa natoka jasho, nikachanganya, nikarudi kwenye Kitonga bila kujua, nikamwambia maneno yale yale mawili, moja baada ya jingine, ili asikie tofauti. Alipoyasikia aliziba masikio akapiga kelele, "Acha, Baba! Ongea vizuri!"

Kwake, kuongea vizuri ni kuongea Kiingereza.

Sijui tena la kufanya. Labda ni mimi, labda akisikia kinywani kwako, kwa sauti yako, itamwingia bila kufasiriwa, kama mvua. Tunayo simu sasa, namba nimeiandika nyuma ya karatasi hii. Nenda posta ya Neiafu, piga Jumamosi ya kwanza ya mwezi ujao, mchana wa kwenu. Nitakuwa nyumbani nimpe simu mkononi. Usijali kama hatajibu. Mwambie tu.

Lisiate


Vava'u, 2 Machi 1997

Lisiate,

Huku hatujambo. Mvua imekatika. Viazi vikuu vya mwaka huu vinaonekana vizuri.

Jana nilipanda lori la asubuhi kwenda Neiafu, nimevaa vizuri kama naenda kanisani. Posta ilikuwa na foleni, nikakaa. Nilikuwa nimeyapanga maneno njia nzima, nikiyasema polepole, maneno mepesi, ya kumlisha mtoto mdogo. Yule kijana wa posta akanipigia namba, akanipa simu kwenye kile kichumba cha mbao.

Iliita sana. Kisha akapokea yeye.

Sijui ulikuwa wapi, na sitauliza. Pengine mvua ilikuwa inatishia zabibu zenu. Pengine Kalo alikutuma mahali. Nilimsikia mtoto mdogo akilia kwa mbali.

Nikamwambia, "Lupe, ni mimi, Toakase, shangazi yako." Nilimsikia akipumua. Nikaona heri, hajakata, nikasema yote. Nilimwambia bibi alivyocheka. Nilimwambia neno lake halikumwua mtu, lilimfungulia mlango mtu aliyekuwa amechoka, na sisi wakubwa tuliogopa kulisema. Nilimwambia mimi nilimwonea wivu, mimi mtu mzima, na kwamba ninamwomba msamaha, mimi shangazi, jambo ambalo hata wewe ndugu yangu hujawahi kulisikia kutoka kwangu. Nilimwambia aseme kitu chochote, hata kibaya, hata anitukane, mradi kiwe cha kwetu. Watu wa kwenye foleni walikuwa wananisikiliza, wengine wanalia.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Hakunikatiza hata mara moja. Kisha akajibu kwa Kiingereza, na hicho kidogo nakielewa, tulifundishwa shuleni. Alisema kwa upole, kwa adabu kabisa, kama mtoto aliyelelewa vizuri anavyomjibu mtu aliyekosea namba:

"Samahani, baba hayupo nyumbani."

Akaweka simu chini.

Nilibaki nimeishika. Yule kijana akaniuliza, "Imekatika, mama? Nikupigie tena?" Nikamwambia hapana, tumemaliza. Nikalipa, nikatoka.

Sijui kama hakuelewa hata neno moja, au aliyaelewa yote. Nilikaa kwenye ngazi za posta mpaka lori la jioni nikiwaza lipi ni baya zaidi. Nawe usimwulize. Usimgombeze, usimwambie ni mimi niliyepiga. Mwache.

Wala usinitumie tena cha kumsomea, na mimi sitaandika cha kusomewa. Nitakuandikia wewe, habari za mvua na za paa, mpaka mmoja wetu aache kujibu.

Jambo moja tu, kisha nimemaliza. Hakuna huko anayeweza kulijua, ndiyo maana nakuambia. Pale aliposema yale maneno ya Kiingereza niliinuka kwenye kiti, kwa sababu ile sauti ni ya Mama, Lisiate. Ni ya Mama mwenyewe, na haikunitambua.

Toakase